Gereji na Maua ya Mpaka

Siku mpima ardhi alipokuja, tulikuwa watu saba shambani. Nilikuwapo mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Alikuwapo ndugu yangu anayenifuata, ambaye hati ya shamba iliandikwa kwa jina lake, na mdogo wetu wa mwisho, msichana aliyeolewa Mwea, ambaye alikuwa amefika jana yake na mfuko wa mchele. Alikuwapo mzee wa kijiji, kwa kuwa kaunsili haikukubali upimaji bila yeye. Alikuwapo mpima mwenyewe, mtu wa magharibi mwa nchi aliyefanya kazi Nyeri, pamoja na msaidizi wake, Mkamba aliyebeba mnyororo wa kupimia. Wa saba alikuwa jirani yetu wa upande wa mashariki, mwanamke mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Cucu, yaani nyanya. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, upande wake wa mpaka, fimbo yake ikiwa magotini. Nawataja kwa mpangilio huu kwa sababu baadaye bodi ya ardhi ilinitaka niwataje, na tangu hapo sijawahi kuubadilisha.

Kilichotuleta pamoja kilikuwa gereji. Ndugu yangu alikuwa amenunua pikapu iliyokwisha kutumika, akaitolea rubuni ng'ombe wawili wa maziwa na kuahidi kumaliza salio kwa kazi yake ya udereva. Chama cha maziwa cha Mukurweini kilihitaji gari la kukusanya mikebe ya maziwa kwenye vituo vya migongoni mwa vilima na kuipeleka kwenye mtambo wa kupozea. Walimtaka yeye, kwa sharti moja. Gari lilale ndani ya nyumba yenye kufuli. Dereva aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake aliibiwa magurudumu akiwa amelala, na maziwa ya mgongo mzima yakaganda kwenye mikebe. Chama kilimpa ndugu yangu muda hadi mvua kubwa ianze. Asipokuwa na gereji kufikia wakati huo, kazi ingekwenda kwa mwingine, pikapu ingerudi kwa aliyeiuza, na ng'ombe hawangerudi.

Shamba letu linashuka kutoka barabarani hadi mtoni, na mteremko wake ni wa kufanya mtu apalilie akiwa amepiga goti moja. Mahali tambarare ni pembe moja tu, ile ya juu inayogusa barabara, kando ya mpaka wa Cucu. Gari lisingeweza kulala mahali pengine isipokuwa lijifunze kupanda miti. Ndugu yangu alihesabu miti ya mkaratusi, mabati, misumari na kufuli kubwa, akasema ni kazi ya wiki moja.

Lakini pembe ile iko jirani na soko, na kaunsili ilikuwa imetangaza kwamba jengo lolote linalokaribia soko lazima liwe na ramani iliyopigwa muhuri. Nilikwenda Nyeri mimi, kwa sababu ndugu yangu akiwa mbele ya karani hukasirika upesi. Karani alinituma kwa mchoraji ramani. Mchoraji alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Majengo, karibu na msikiti, na mezani pake palikuwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria ya chai na karatasi kubwa zilizoshikiliwa kwa mawe. Alichora gereji yetu kwa wino wa buluu, na mlango, na mshale wa kuonyesha kaskazini. Ilikuwa nzuri kuliko nyumba tuliyokuwa tukilala. Nikairudisha kwa karani. Karani akasema afisa wa afya hawezi kuipiga muhuri mpaka mpima ardhi aonyeshe umbali kutoka barabarani na kutoka kwa jirani. Nikauliza mpima analipwa kiasi gani. Alipotaja kiasi chenyewe, niliona kwamba ndama wetu mkubwa amekwisha kuondoka zizini. Juu yake kulikuwa na nauli ya mpima, nauli ya mnyororo, maana mwenye kuubeba naye hupanda basi, na chakula chao cha mchana.

Ndugu yangu aliposikia alisema kwamba wazungu walipima nchi nzima bila kula chakula chetu cha mchana. Nikamwambia kwamba walikula. Akacheka, akaenda kumtafutia ndama mnunuzi.

Mimi nilitoka shule darasa la sita. Baba alikufa miaka michache baada ya uhuru, kwa kifua, na mama akamfuata kabla mwaka haujakwisha. Nilibaki na hawa wawili, mmoja akiwa na umri wa kuchunga mbuzi na mwingine mgongoni. Wazee wa ukoo waliamua shamba liandikwe jina la mvulana atakapopata kipande, yaani kitambulisho, na mimi nilitunze hadi hapo. Nililitunza. Alipopata kipande tulikwenda pamoja, likaandikwa, na hapakuwa na maneno. Mambo ya shamba niliyajua kuliko yeye kwa sababu nililima mimi. Mpaka wetu na Cucu ulikuwa mstari wa matooka, yale maua yenye kiazi kikubwa chini na majani mapana ambayo watu wa kwetu hupanda kwenye mipaka. Hayaliwi na mbuzi, hayafi kwa kiangazi, na mtu mwenye akili hayagusi, kwa sababu anayehamisha matooka ya mwenzake inasemekana hazeeki. Kwangu mimi mpaka ulikuwa palipo na matooka. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuwa mahali pengine.

Mpima alianza asubuhi kutoka bikoni ya soko, lile jiwe la alama la wapimaji. Alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akamtuma Mkamba mbele na fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe, wakavuta mnyororo. Cucu aliwatazama. Ndugu yangu, ambaye hakuwahi kupita karibu naye bila utani, alimwuliza kama amekuja kuhesabu migomba yake isije ikapimwa ikawa yetu.

"Nimekuja kuona, mume wangu," Cucu akasema, "kama hilo gari litalala kwako au kwangu."

Alimwita mume wangu tangu akiwa mtoto, kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Tukacheka wote, hata mzee wa kijiji. Mdogo wetu akasema Cucu ajihadhari, mume huyu ananuka petroli.

Ilipokaribia saa sita mpima aligongomea kigingi cha mwisho. Hakukigongomea kwenye matooka. Alikigongomea ndani ya shamba letu, hatua nyingi kutoka kwenye maua, upande wa pili wa mahali tulipokuwa tumekusanya mawe ya msingi. Alirudi kwenye ramani yake, akapima tena kutoka bikoni, akafika palepale. Kisha akaniita.

"Mama, hapa iko shida kidogo," alisema. "Kule chini mtoni ua na ramani ni kitu moja. Lakini zikipanda huku, zinaachana. Ni kama mlango mtu amefungua. Hii pembe yote ya gereji, kwa ramani, ni ya huyu mama mzee."

Nilimtafsiria ndugu yangu. Hakuhitaji sana, alikuwa ameona kigingi. Alizungumza kwa lugha yetu na hakupunguza sauti. Alisema ramani ile ilichorwa wakati wa kuunganisha mashamba, wakati baba yetu alipokuwa mgonjwa, na kila mtu anajua jinsi kamati zilivyofanya kazi.

"Ramani ilichorwa na watu," alisema, akimtazama Cucu, "na watu hula mbuzi."

Mzee wa kijiji akaangalia pembeni. Mpima alitaka kujua ndugu yangu amesema nini. Kabla sijajibu, Cucu aliinuka kutoka kwenye debe lake, na hilo lilimchukua muda.

"Hakuwa mbuzi, mume wangu, alikuwa kondoo. Na hakuliwa wakati wa ramani." Halafu akanigeukia mimi. "Mwambie mgeni fimbo zake zinasema kweli. Maua niliyahamisha mimi."

Cucu hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei. Mpima hakujua lugha yetu. Kwa hiyo niliyapitisha maneno yote kinywani mwangu, sentensi kwa sentensi, na ndivyo nilivyoyasikia. Alisema kwamba baba yao watoto hawa alizikwa kwenye ukanda mwembamba uliokuwa kati ya kahawa na matooka. Nikamwambia mpima hivyo. Alisema kwamba mama yao alipokufa, walitaka kumlaza kando ya mumewe, na hakutosha. Upande mmoja palikuwa na kahawa, na wakati huo kung'oa mche wa kahawa bila ruhusa ilikuwa kesi. Upande wa pili palikuwa na maua, na nyuma ya maua palikuwa kwake. Nikamwambia mpima kwamba mama yao hakutosha. Nilisema mama yao, kama alivyosema Cucu, wala sikukumbuka kubadilisha.

Alisema kwamba aliwaita wazee wawili, akawaambia wayasogeze maua upande wake, pale penye kaburi tu. Wazee wakakataa. Mpaka hauwekewi kiwiko, walisema, kwa maana mpaka wenye kiwiko utawafanya watoto wa watoto wagombane kuhusu kiwiko. Kama anataka kutoa, mstari ubaki umenyooka. Basi wakauacha mwisho wa chini pale pale mtoni, wakauzungusha mstari mzima hadi barabarani. Ili mama yetu apate upana wa kaburi moja katikati, Cucu alilazimika kutoa pembe yote ya juu. Na kwa kuwa maua hayahamishwi mikono mitupu, alichinjwa kondoo dume.

Mpima aliuliza kwa nini hawakuandikisha.

Cucu alipotafsiriwa alisema, "Tuandikishe kwa nani? Aliyekuwa mkubwa katika boma lile alikuwa huyu anayekutafsiria, na alikuwa amebeba mtoto."

Hapo nikaikumbuka siku yenyewe. Niliwaona wazee wawili wakichimba matooka kwa vijiti vilivyochongoka, wakiyabeba kwa majani ya migomba, na nikadhani ni maua ya kupanda juu ya kaburi. Sikumwuliza mtu. Jioni nilipewa mchuzi katika kibuyu, nikanywa, nikamtia na mdogo wetu kidogo mdomoni. Nilijua kwamba ni mchuzi wa matanga. Ulikuwa mzuri, na nilikuwa na njaa.

Msaidizi wa mpima, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemtafsiria chochote, alikuwa amesikia Kiswahili changu. Alikusanya mnyororo wake taratibu, akauepusha na yale makaburi mawili.

Tulikula wali wa Mwea na maharagwe. Mpima alieleza kazi yake waziwazi. Hawezi kuandika kwamba mpaka uko penye maua wakati ramani inasema vinginevyo, na bila maandishi yake muhuri hautapigwa. Njia ni mbili. Gereji ihamie ndani ya ramani, yaani kwenye mteremko, au majirani waende bodi ya ardhi wakubaliane kile kipande kihamishwe kwenye hati, kisha yeye aje kupima mara ya pili, na malipo yawe ya mara ya pili. Ndugu yangu aliyekuwa hajala kitu alisema kuna njia ya tatu. Mpima aondoke, sisi tujenge, na nani atakuja tena na mnyororo?

"Wanangu watakuja," Cucu alisema. Alikuwa na wana wawili Nairobi, wenye kazi nzuri. "Nikifa watakuja na ramani. Watakuta gari, halafu watakuta mama yenu. Sitaki wamkute hivyo."

Ndugu yangu akamwuliza kwa sauti nyingine anataka kiasi gani kwa kile kipande. Alisema atalipa kwa awamu, kazi ya maziwa ikianza.

Cucu alisema ardhi aliyokwisha kuitoa haiuzi mara ya pili. Ataenda bodi na atatia kidole. Lakini kuna jambo. Kondoo aliyechinjwa siku ile alikuwa wake yeye, kwa sababu boma letu halikuwa na kondoo wala mtu wa kumleta. Kwa desturi mwenye kupokea ndiye hutoa mnyama. Mpaka uliohamishwa kwa kondoo wa mwenye kutoa umefungwa upande mmoja tu. Basi sisi tunadaiwa kondoo. Dume, wa rangi moja, asiye na doa.

"Hilo tu?" ndugu yangu akasema. "Jumamosi nitakununulia wawili sokoni."

"Wa sokoni ana udongo wa watu wengine kwenye kwato," Cucu akamjibu. "Azaliwe hapa. Huyu wangu alizaliwa kwangu."

Ndugu yangu alinitazama. Yeye alikuwa mwenye hati, lakini siku ile ya matooka alikuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyekunywa mchuzi. Nikamwambia Cucu kwamba deni ni langu. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akarudi kwake kwa kupitia pengo kati ya matooka.

Bodi ya ardhi ilikutana katika ofisi ya D.O., yaani afisa wa tarafa, na kulikuwa na ada ya kuomba na ada ya kusikilizwa. Ilibidi chama cha maziwa kiombwe kisubiri. Kilikubali kwa sababu mvua zilichelewa na maziwa yalikuwa machache. D.O. alikuwa mtu wa mashariki, mpole. Alimwuliza Cucu anauza kwa bei gani.

Nilimtafsiria. Cucu akasema hauzi.

Akaulizwa basi kama anatoa zawadi.

"Wala sitoi. Nilishatoa."

D.O. alieleza kwamba fomu ina nafasi mbili tu, ya kuuza na ya kutoa zawadi. Wazee wa bodi walinong'onezana. Cucu akasema waandike wapendavyo, maua yako pale na hayasomi fomu. Wakaandika zawadi. Mwenyekiti akataka kujua ni nani walikuwapo siku ya kupima, nikawataja wote saba. Cucu alitia kidole chake kwenye wino, ndugu yangu akatia sahihi, na mimi sikutia chochote kwa sababu shamba halikuwa langu.

Mpima alikuja mara ya pili akagongomea vigingi kwenye matooka. Safari hii hakula chakula cha mchana cha kulipiwa. Alisema alikula mara ya kwanza cha kutosha. Hata hivyo ndama wa pili aliondoka. Afisa wa afya alipiga muhuri kwenye mchoro wa wino wa buluu, ambao ulikuwa umeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Miti, mabati, misumari na kufuli vyote kwa pamoja havikufika nusu ya kile kilicholiwa na karatasi. Ujenzi ulichukua wiki moja, kama ndugu yangu alivyosema. Pikapu iliingia kinyumenyume wakati mvua ya kwanza ilipokuwa ikipiga bati, na kesho yake alfajiri ilitoka kwenda kuchukua maziwa.

Mimi nilinunua kondoo jike kwa fedha za kahawa. Alizaa jike. Nikamweka, kwa kuwa jike huzaa. Mwaka uliofuata akazaa dume mwenye soksi nyeupe mguu mmoja wa nyuma. Cucu alikuja kumwona, akaegemea mlango wa gereji, maana zizi nilikuwa nimelijenga nyuma yake.

"Huyu amevaa viatu vya shule," alisema. "Muuze."

Nilimwuza. Baadaye alizaliwa dume mweupe mtupu, Cucu akamsifu, na chui au mbwa akamchukua kabla hajaachishwa ziwa. Baada yake walikuja wenye madoa, miaka mingi mfululizo, kana kwamba mtu aliwanyunyizia chokaa. Kila mara Cucu alikuja, akatazama, akatania, akaenda. Hakuwahi kunihimiza. Nilipomwambia mara moja kwamba nimechelewa, alisema kwamba mama yetu hajalalamika.

Alikufa msimu wa kuchuma kahawa. Walimzika upande wake, karibu na matooka, kwa hiyo sasa wako watatu na mstari uko kati yao. Wanawe walikuja na hawakuja na ramani. Mkubwa wao alistaafu na kurudi kuishi. Ni mtu mzuri, huvaa kofia na husoma gazeti barazani. Alipojua kwamba bado nafuga kondoo kwa ajili ya deni la mama yake, aliona haya. Aliniambia nisahau, dunia imebadilika. Nilipokataa akasema basi nimpe yeyote, hata mwenye madoa, hata nusu ya bei, tumalize. Nikamwambia mama yake alisema rangi moja. Akasema mama yake hayupo. Nikamwambia ndiyo maana siwezi kumwomba apunguze.

Pikapu ile ilikwisha zamani, na gereji sasa ina gari jingine la ndugu yangu, lenye tangi la maziwa. Mabati yameanza kutu upande wa barabarani. Nyuma yake kondoo wangu amezaa tena mwezi uliopita. Ni dume, mweusi, mwenye miguu mirefu. Nimemkagua tumboni, kwapani na chini ya mkia. Jirani yangu alikuja na gazeti lake chini ya mkono, akamwangalia, akasema kwamba hatimaye amepatikana. Nikalipindua sikio la kushoto la kondoo nikamwonyesha nywele chache nyeupe kwenye shina lake.

Alisema hazionekani.

Zinaonekana.